Subira Wakati wa Kufungwa kwa Ziwa

Hotuba ya Kwanza

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kukunjua riziki kwa amtakaye na kuikadiria kwa amtakaye, naye ni Mwenye hekima katika yote mawili. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Mtume Muhammad, ahali zake na sahaba zake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, mliohudhuria hapa msikitini na ninyi mnaotusikiliza majumbani, tunaziusia nafsi zetu kwanza, kisha tunawausia ninyi, kumcha Mwenyezi Mungu wakati wa neema na wakati wa dhiki.

Leo tunapenda kuzungumza juu ya subira. Lakini si subira ya kutajwa kwa ulimi tu. Tunataka kuzungumza juu ya namna mtu anavyoweza kuilinda nafsi yake, kazi yake na nyumba yake siku ambazo mlango wa riziki umefungwa mbele ya macho yake.

Mtakumbuka kuwa mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kwa miezi mitatu, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Jambo hilo halikuwa la Tanzania peke yake. Lilitokana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hili, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Maslahi yake yanaeleweka. Dagaa na migebuka wakivuliwa pasipo kupumzishwa, watoto wetu watarithi maji matupu. Hata hivyo, jambo lenye maslahi kwa wote laweza kuwa zito sana juu ya mabega ya mmoja mmoja. Hapa Mwandiga hatuko ufukweni, lakini tunaishi kwa ziwa. Mama anayeuza dagaa sokoni, kijana anayebeba magunia, dereva wa njia ya Kasulu na wa njia ya Manyovu, wote waliuona upungufu ule katika sufuria zao.

Katika siku hizo, usiku mmoja baada ya sala ya Isha, bwana mmoja wa makamo alibaki nyuma mpaka watu wote wakatoka. Alikuwa mvuvi. Akatuambia, "Shehe, naswali, lakini moyo hautulii." Tukamjibu kama tulivyozoea kujibu: "Subiri, ndugu yangu. Mwenyezi Mungu yu pamoja na wanaosubiri." Tukadhani tumekwisha kumjibu. Naye akainamisha kichwa, akasema, "Shehe, nimesikia. Lakini nasubirije? Nikiwa nasubiri, nifanye nini?"

Ndugu zetu, swali hilo lilitunyamazisha. Tumesoma vitabu na tumefundisha vijana miaka mingi, lakini usiku ule tulitambua kuwa tumekuwa tukiwapa watu jina la dawa bila ya kuwapa dawa yenyewe. Tukakaa chini, tukamwomba aeleze. Akaeleza kuwa alikopa fedha za nyavu na mashine ya mtumbwi kabla ya ziwa kufungwa, na mkewe hajui. Kila siku hutoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, si kwa sababu ana kazi, bali ili watoto wasimwone amekaa. Usingizi umempotea. Amekuwa mkali kwa mama watoto kwa jambo dogo kama chumvi. Mwisho akasema, kwa sauti ya chini, kwamba siku mbili zilizopita alisimama ufukweni peke yake akayatazama maji kwa fikira ambazo zilimtisha mwenyewe.

Hotuba ya leo ni jibu la swali lake. Tumechelewa kulitoa, na tunaona bila shaka kuwa si yeye peke yake anayelihitaji.

Jambo la kwanza: subira si kuficha maumivu. Nabii Yaqub, amani imshukie, alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na juu ya hayo Qurani yamtaja kuwa mtu wa subira njema. Bwana wetu Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe Ibrahim, alitokwa na machozi mbele ya sahaba zake, akawafahamisha kuwa machozi na huzuni ni rehema, ila ulimi usitamke yasiyomridhisha Mola. Basi ni nani aliyetufundisha sisi kwamba mwanamume halii, wala hasemi? Anayemeza kila kitu humezwa naye. Yule bwana hakuwa amekosa subira alipokuja kwetu; alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusubiri.

Jambo la pili: yatenganishe mawazo yako. Imepokewa katika Bukhari kuwa Mtume alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na mambo yanayokwenda mawili mawili: wasiwasi na huzuni, kushindwa na uvivu, ubahili na woga, uzito wa deni na kukandamizwa na watu. Tazameni jinsi mambo ya moyoni yalivyowekwa pamoja na deni katika dua moja. Wanavyuoni wamefafanua kwamba huzuni ni ya jambo lililokwisha kupita, na wasiwasi ni wa jambo ambalo bado halijafika. Basi mtu aliyeshikwa na yote mawili huwa anaishi jana na kesho, na leo yake haina mwenyewe. Dawa yake ni kuuliza: katika mzigo huu, ni lipi lililo mkononi mwangu leo? Kuyafungua maji ya ziwa hakukuwa mkononi mwa mvuvi. Kushona wavu, kuziba nyufa za mtumbwi, kulima shamba dogo, kumwendea anayemdai na kumweleza ukweli, hayo yalikuwa mkononi mwake. Mtu alipomwuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga kisha ategemee, aliagizwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Tawakali haikai mahali pa kazi. Hukaa juu yake.

Jambo la tatu: siku isiyo na kazi isiwe siku isiyo na utaratibu. Wavuvi wetu wanalijua hili kuliko sisi. Usiku wa giza huwasha taa, dagaa wakazifuata, kazi ikafanyika. Usiku wa mbalamwezi mwanga wa taa haufui dafu, basi hupumzika, wakatengeneza nyavu, wakakaa na watu wao. Hakuna mvuvi anayeuona mwezi kuwa adui yake. Anajua kuwa giza litarudi, na kwamba wavu usioshonwa wakati wa mbalamwezi utamwaibisha wakati wa giza. Mwenyezi Mungu ametuwekea sala tano zigawe siku yetu, kama vigingi vinavyoshikilia hema. Amka kwa wakati wake, lala kwa wakati wake, kula pamoja na watu wako. Salman alipomwona nduguye Abu Dardaa ameuchosha mwili wake kwa ibada na kumsahau mkewe, alimkumbusha kuwa Mola ana haki, nafsi ina haki, na ahali wana haki. Mtume akamsadikisha Salman. Ikiwa hata ibada haikuruhusiwa kuivunja nafsi, seuze wasiwasi wa fedha?

Jambo la nne: usiwalipishe watu wa nyumbani deni la ziwa. Mke hakulifunga, watoto hawakulifunga. Ghadhabu ikipanda, Mtume ameelekeza kuwa aliyesimama aketi, na isipomtoka alale. Tena ameelekeza kunyamaza na kutia udhu. Haya si madogo. Mkono wa mtu aliyeketi huchelewa kufika, na neno la mtu aliyenyamaza halihitaji kuombewa msamaha. Na lililo bora kuliko yote hayo ni kumwambia mwenzio ukweli. Yule bwana alikuwa akiogopa kwamba mkewe akijua atamdharau. Alipomweleza, mkewe alimjibu: "Baba watoto, mimi nilidhani umeoa mke mwingine." Walicheka, kisha walilia, kisha walihesabu pamoja kilichomo ndani. Siku ya pili mama huyo alianza kupika maandazi ya kuuza asubuhi. Deni halikuisha, lakini lilipata watu wawili wa kulibeba.

Jambo la tano: njaa isikuuzie haramu. Katika Suratul-Aaraf tunasimuliwa habari za mji uliokuwa kando ya bahari. Watu wake walikatazwa kuvua siku ya Sabato, na samaki wakawa wanawajia wazi siku hiyo hiyo, na siku nyingine hawaonekani. Wako waliofanya hila, wako waliowaonya, na wako waliosema kuonya hakuna faida. Hatusemi kuwa amri ya wanadamu ni sawa na amri ya Mola. Tunasema kwamba mtihani wao twautambua: kuona maji yametulia, kujua kuwa samaki wamo, na mkono kuwasha. Aliyeingia ziwani kwa kificho katika miezi ile hakuiba samaki wa serikali. Aliiba samaki wa jirani yake aliyebaki nchi kavu na watoto wenye njaa kama wake.

Tunasema maneno haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na ninyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Hotuba ya Pili

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kila hali, na tunamsalia Mtume wake mwaminifu.

Ndugu zetu, tumesema na mwenye dhiki; sasa tuseme na wanaomzunguka. Wewe unayemdai mvuvi, Qurani katika Suratul-Baqara imekuelekeza umpe muda mwenye shida mpaka apate wasaa, na ikakujulisha kuwa kumsamehe ni bora zaidi kwako. Tulifuatana na yule bwana kwa mdai wake. Hakusamehe deni, na haki ni yake. Lakini alikubali lilipwe kidogo kidogo baada ya ziwa kufunguliwa. Usiku huo mtu alilala. Kumpa muda anayedaiwa ni sadaka ambayo haipunguzi hata shilingi moja ya mali yako.

Na wewe jirani, ukimwona mwenzio ameacha kucheka, ameacha kula, hasinzii, anajitenga, na hali hiyo imepita wiki mbili, usimwambie kuwa imani yake ni dhaifu. Kaa naye, msikilize, mpeleke hospitali. Mtume ametuamrisha tujitibu, na akatujulisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Mtu mwenye homa hatumwachi kitandani kwa sababu anaswali; vipi tumwache mwenye ugonjwa wa moyo na fikira? Akitaja kujiua, hilo si neno la kulikemea na kuondoka. Usimwache peke yake mpaka apate msaada. Nafsi ni amana, Mwenyezi Mungu amekataza tusiziue, nasi sote tutaulizwa tulivyozilinda nafsi za wenzetu. Tulimsindikiza yule bwana kwa daktari, na hatukuona kwamba tumepungukiwa na lolote katika dini yetu.

Mwisho, tujiandae kabla ya dhiki. Wengi wenu mnaijua meli ya Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam na kuletwa Kigoma kwa reli, na mwaka 1915 ikashushwa majini. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wanashindwa, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Ikakaa chini ya maji muda mrefu. Ilipoibuliwa mwaka 1924, mitambo ilikutwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikaanza safari tena, ikabeba watu na mizigo ya pwani hii kwa miongo mingi. Hao walikuwa watu wa vita, hawakuwa na nia ya kutufundisha dini. Lakini mwenye akili hupata mazingatio popote. Kuzama hakukuiua ile meli, kwa sababu ilipakwa grisi ingali juu ya maji.

Basi nasi tujipake grisi tungali juu. Nabii Yusuf hakungoja miaka ya njaa ifike. Aliwaelekeza watu wa Misri waweke akiba katika miaka saba ya neema. Dagaa wakiwa wengi, wakaushwe vyema na sehemu iwekwe. Fedha ikipatikana, isiishe yote siku ile ile. Sala ikitulia siku za raha, itatushika siku za shida. Na mwenza anayeambiwa ukweli siku za wasaa, hatakuwa mgeni siku za dhiki.

Ziwa lilifunguliwa, na yule bwana akarudi majini. Bado alikuwa na deni, na bado zipo siku moyo humwelemea. Lakini alituambia, "Shehe, sasa najua nafanya nini nikiwa nasubiri."

Ewe Mola wetu, tuondolee wasiwasi na huzuni, utulipie madeni yetu, uzitulize nyumba zetu. Walinde walio majini usiku, uwafariji walio nchi kavu bila ya kazi, uwaponye wagonjwa wa miili na wa nyoyo. Libariki ziwa letu na vilivyomo, na utujaalie tuwe wenye kusubiri na wenye kusaidiana. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.