Kitufe Kimoja, Pesa Imekwenda

Mchezo wa Fortnite, msikilizaji, hupakuliwa bure. Pesa iko ndani: mavazi, madaha, mbwembwe. Desemba 2022, kampuni yake, Epic Games, ilikubali kulipa dola milioni 520 kumaliza mashauri mawili ya tume ya biashara ya Marekani, FTC. Milioni 275 zilikuwa faini ya kukusanya taarifa za watoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya wazazi. Milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja.

Hizi za pili ndizo zenye mambo. Tume ilisema mchezaji aliweza kukatwa pesa kwa kubonyeza kitufe kimoja, hata akiwa anataka tu kulitazama vazi, au anauamsha mchezo uliolala. Aliyelalamika benki arudishiwe alifungiwa akaunti, na vyote alivyolipia humo hakuvipata. Yaani unadai chako, unafungiwa mlango!

Wapo wanaosema mzazi amchunge mwanawe. Sawa, amchunge. Lakini kitufe hakikuwekwa pale na mtoto. Kiliwekwa na watu wazima wenye mishahara, na kwa mujibu wa tume, kampuni ilipuuza malalamiko zaidi ya milioni moja, pamoja na tahadhari za wafanyakazi wake yenyewe.