Ugonjwa Mmoja, Vyanzo Vitatu



Tangu nchi ipate uhuru mwaka 1961, maadui watatu wametajwa kwenye kila jukwaa: ujinga, umaskini na maradhi. Ni nadra kukumbukwa kwamba maadui hao hutembea pamoja. Mfano wake ni upungufu wa homoni za tezi za adrenali, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo.

Mgonjwa huchoka, hukonda, hutapika, huona kizunguzungu asimamapo. Dalili huja polepole, kwa miezi mingi. Nyumbani husemwa ni malaria sugu, au karogwa. Wakati jamaa wanamsaka mchawi, mgonjwa huangamia, na jirani asiye na hatia huweza kudhuriwa.

Hapana budi ieleweke kwamba ugonjwa huu una aina tatu.

Aina ya kwanza ni ile ambayo tezi zenyewe zimeharibika. Daktari Mwingereza Thomas Addison aliieleza mwaka 1855, enzi ambapo kifua kikuu kilikuwa chanzo kikubwa. Hapa kwetu kifua kikuu hakina budi kufikiriwa hadi leo, hasa kwa mwenye virusi vya UKIMWI. Ngozi ya mgonjwa huzidi kuwa nyeusi. Kwa Mwafrika, weusi huo utazamwe kwenye ufizi, mistari ya viganja na makovu mapya.

Aina ya pili hutokana na tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, kushindwa kuziamrisha adrenali. Mama aliyetokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, kisha akakosa maziwa na hedhi isirudi, huenda yumo katika kundi hili. Ngozi yake haiwi nyeusi zaidi.

Aina ya tatu huletwa na mikono ya watu: vidonge vya prednisoloni kutumiwa kwa miezi kisha kuachwa ghafla, au krimu kali za kung'arisha ngozi zenye dawa za jamii hiyo. Tezi hulazwa usingizi, na zitakiwapo kuamka hushindwa.

Daktari hupima kortisoli katika damu asubuhi. Ikiwa ndogo, mgonjwa huchomwa sindano ya kuziamsha adrenali, na kipimo hurudiwa baada ya dakika 30 na 60. Kisha hupimwa homoni ya amri itokayo pituitari: ikiwa juu, ni aina ya kwanza, ikiwa chini, ni ya pili au ya tatu.

Tofauti hizo si za vitabuni tu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huharakisha kuisha kwa kortisoli mwilini. Mgonjwa asiyetambuliwa huweza kuzidiwa mara aanzapo tiba.

Zahanati haina vipimo vya homoni. Lakini yaweza kupima shinikizo la damu mgonjwa akilala na akisimama, kutazama ufizi, kuulizia vidonge na krimu, kupeleka makohozi kupimwa, na kumwandikia rufaa kwenda Bugando, Mwanza. Aliyezimia asingojeshwe majibu ya maabara: haidrokotisoni na maji ya chumvi ya mshipani ndiyo yanayookoa maisha.

Wajibu wa mwalimu na mtumishi wa umma ni kusema wazi kijijini: anayekonda na kuchoka apelekwe hospitali, na anayemeza prednisoloni asiiache bila idhini ya daktari. Ugonjwa huu una dawa. Asiyepimwa ndiye anayekufa nao.