Kiongozi wa kuaminiwa ni yule anayerudi

Haya ni maneno tuliyosema mbele ya vijana wenzetu wa Masisi na Walikale. Mahali tulipokutana hatupataji, juu ya usalama wa waliokuwepo.



Tumeombwa kusema namna kiongozi anaweza kuongea na watu mpaka wamwamini. Wengi kati yetu humu ndani tuko na diploma na hatuna kazi. Tumesomea sheria, uchumi, kilimo, na leo tunauza unite za simu ao tunasukuma chukudu. Kwa hiyo wakati tuko nao, na hotuba tumezisikiliza nyingi sana. Kama kusikiliza hotuba ingekuwa kazi, sisi tungekuwa matajiri.

Tuanze na siku chache ambazo kila mtu wa Walikale anazikumbuka.

Tarehe 18 Machi 2025, marais wa Kongo na Rwanda walikutana Doha. Walitoka na neno moja: mapigano yasimame mara moja. Kesho yake, tarehe 19, M23 iliingia Walikale-centre. Tarehe 22, M23 yenyewe ikatangaza kwamba inaondoka pale. Watu wakangoja. Siku ya kwanza, siku ya pili, wiki nzima. Waliondoka mwanzoni mwa mwezi wa nne.

Sasa jiweke kwa nafasi ya mama aliyekimbilia porini na watoto wake. Tarehe 18 anaambiwa amani, tarehe 19 anakimbia. Tarehe 22 anaambiwa rudi, na akirudi anaweza kukuta watu wenye bunduki bado wako kwenye barabara. Amwamini nani? Kwetu sisi, maneno ya wakubwa si mambo ya siasa tu. Ndiyo yanaamua kama mtu atalala kwa nyumba yake ao chini ya mti. Kiongozi akisema ovyo, kuna mtu anaweza kufa.

Mzee mmoja alituambia kwa kifupi: « Batoto, bakubwa banakuyaka tu wakati ya kura. Kisha habarudiake. » Tumefikiri sana juu ya neno hilo, na tunaona mzee ameshika kiini cha mambo. Sauti nzuri haimfanyi kiongozi aaminiwe, wala Kifaransa kizuri, wala suti. Anaaminiwa juu ya kurudi: kurudi kwa watu walewale, kwa lugha yao, na kusema nini kimefanyika na nini kimeshindikana.

Wengine watasema kiongozi akikubali kosa, watu watamdharau. Tuwakumbushe Luvungi.

Kuanzia tarehe 30 Julai mpaka 2 Agosti 2010, watu wenye silaha walivamia vijiji 13 vya Walikale, kwenye barabara ya Kibua kwenda Mpofi. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa: wanawake, wasichana, hata wanaume na watoto. Kambi ya walinda amani ilikuwa Kibua, kilomita 30 hivi kutoka Luvungi. Hawakuja. Vijiji vile havikuwa na mtandao wa simu, na kati ya kambi na watu hapakuwa na njia ya kuitana usiku.

Mwezi uliofuata, Atul Khare, mmoja wa wakubwa wa walinda amani wa Umoja wa Mataifa, alikuja Kivu. Tarehe 7 Septemba 2010 alisimama mbele ya Baraza la Usalama, akakubali wazi kwamba na wao walishindwa kuwalinda wale watu. Hakusema tu « tunalaani ». Kisha mambo fulani yakabadilika: MONUSCO ikaweka raia wa Kongo wa kuunganisha kambi na vijiji, ikagawa simu, ikatengeneza njia za watu kutoa alama ya hatari. Haikutosha, na hakuna aliyerudishiwa kile alichopoteza. Lakini mlango ulifunguka pale mtu alipokubali kosa. Ukificha kidonda, hakuna atakayekuletea dawa.

Na haki nayo ilirudi, hata kama ilichelewa. Mwezi wa 11 mwaka 2020, mahakama ya kijeshi ilimhukumu Ntabo Ntaberi Sheka, aliyekuwa mkubwa wa moja ya vikundi vile, kifungo cha maisha. Miaka 10 ilipita. Waathirika walikuwa bado wanangoja, na walikwenda kutoa ushahidi. Watu wetu hawasahau, wanangoja tu kuona nani atarudi.

Sasa tuangalie hali ya dharura ya kijeshi, ile tunaita etat de siège. Ilianza tarehe 6 Mei 2021 kwa siku 30. Kisha ikawa inarefushwa siku 15, na zingine 15, na zingine. Tuliambiwa ni ya kumaliza vita. Chini ya hali hiyohiyo Rubaya ilianguka mwezi wa nne 2024. Januari 2025 zikafuata Masisi-centre, Sake, kisha Goma.

Agosti 2023 viongozi waliita watu Kinshasa, kwenye meza ya duara, waseme kama hali hiyo iendelee ao iondolewe. Oktoba Rais akatangaza kwamba italegezwa pole pole. Kisha siku 15 zikaendelea kuhesabiwa. Hatusemi kwamba kila kitu ni kosa la mtu mmoja. Tunasema hivi: kila mara walipoongeza siku 15, je, kuna aliyekuja Masisi ao Walikale kusema, « zile 15 zilizopita tulifanya hiki, tulishindwa hiki, na sababu ni hii »? Ahadi ikishakuwa kama kalenda, hakuna anayeisikiliza tena.

Na Masisi iko na jeraha lingine. Tarehe 20 Desemba 2023 Kongo ilipiga kura, lakini Masisi na Rutshuru hazikupiga, juu vita ilizuia watu kuandikishwa. Sababu tunaielewa. Lakini raia ambaye hakupiga kura anahitaji kuelezwa mara mbili zaidi kuliko yule aliyepiga. Yeye hakuchagua, basi angalau aongeleshwe.

Tusiishie kulia. Tunawaomba viongozi mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji ndege.

La kwanza ni lugha. Katiba yetu, kwenye kifungu cha kwanza, inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Lakini tangazo la usalama linatoka kwa Kifaransa, kwenye X, kwa ajili ya mama wa kijiji ambaye hana hata mtandao. Liandikwe Kiswahili, lisomwe redioni, chefu wa kijiji alibebe mpaka sokoni na kanisani.

La pili ni tarehe. « Hivi karibuni » si tarehe. Kama barabara ya Sake kwenda Masisi na Walikale itatengenezwa, sema mwezi gani, kutoka wapi mpaka wapi, pesa ya nani. Kama hujui, sema hujui bado, na sema utarudi lini na jibu. Mtu wa Masisi anaweza kuvumilia « sijui ». Uongo ndio unamchosha.

La tatu ni hesabu. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa ule mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta ao usultani ambako madini yanatoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Bisie, penye kasiterite, iko katika sekta ya Wanianga. Basi bandikeni kwenye ukuta wa ofisi ya sekta karatasi moja ya Kiswahili: kiasi gani kimeingia, kimefanya nini, nani ametia sahihi. Karatasi hiyo moja inashinda mikutano kumi. Na wale wenye bunduki wanaokusanya pesa ya « lala salama », nao wajue watu wanahesabu, hata kama wanalipa wakiwa wamenyamaza.

La nne ni masikio. Kuna ofisi moja tulipeleka barua yetu. Ilipokelewa vizuri, ikapigwa muhuri, na mpaka leo tunangoja jibu. Muhuri si jibu. Hata « hapana » ni jibu, ukiielezea.

Na sisi wenyewe? Tusijifanye malaika. Usiku mmoja tulipokea sauti kwa WhatsApp, ikisema kijiji fulani kimevamiwa. Tukaituma mbele bila kuuliza. Familia zikatoka na watoto kwenye mvua, kumbe sauti ni ya zamani. Kesho yake tulirudi kwenye grupu ileile tukaandika kwamba tumekosea, na tukaeleza namna tulivyokosea. Tulitukanwa, na tulistahili. Lakini tangu ile siku tunapiga simu kwa watu wawili walio pale pale kabla ya kutuma kitu. Leo tukiandika « tumehakikisha », watu wanashika. Imani hiyo haikutoka kwa mbio zetu za kutuma habari. Ilitoka kwa ile asubuhi ya aibu.

Kwa hiyo, wenzetu, kuanzia leo kila kiongozi akija kusema, tuandike kwenye daftari: jina lake, neno lake, tarehe yake. Tarehe ikifika, twende tumuulize kwa heshima, bila mawe na bila matusi. Akirudi mwenyewe kabla hatujamwita, tumshukuru mbele ya watu, hata kama ameleta habari mbaya. Na siku moja kati yetu atakapokuwa chefu, mbunge ao administrateur, daftari lilelile limfuate na yeye.

Sisi tutarudi.