Chaguo la Binti Yetu

 Mmetutaka sisi wazazi wawili wa Nkunga tuseme neno juu ya vijana na masomo yao. Wapo humu wasomi wanaoweza kulieleza jambo hilo kwa mapana. Sisi tutasema la nyumbani kwetu tu.

Binti yetu ana miaka kumi na saba. Alimaliza kidato cha nne Novemba 2024, na matokeo yalipotoka Januari alikuwa amepata daraja la pili, Biolojia na Kemia zikiwa juu. Ukoo ulikwisha kumpangia. Mjomba wake alitaka aendelee na Fizikia, Kemia na Biolojia ili awe daktari; bibi yake alianza hata kumwita “daktari” mbele ya wageni. Naye akachagua stashahada ya kilimo katika chuo cha Uyole, Mbeya.

Twajua jinsi chaguo hilo linavyosikika hapa Rungwe. Mtoto huambiwa asome ili aliepuke jembe, na aliyefaulu akaenda chuo badala ya kidato cha tano hudhaniwa amekosa nafasi. Tena kuna ada. Serikali ilifuta ada ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, lakini chuoni mzazi hulipa. Kwa hiyo binti alikuwa akituomba tuache kisicho na ada, tugharimie kisicho na sifa. Tukamwambia: haya, eleza.

Akaeleza jioni nzima. Kumbe tangu kidato cha tatu alikuwa akiwafuata wakulima wa parachichi, akiuliza na kuandika katika daftari. Alituambia mambo ambayo baadhi yetu tulikuwa tukiyaona kila siku bila kuyaunganisha. Mche wa Hass uliobebeshwa vizuri huanza kuzaa kama mwaka wa tatu. Tunda lake haliivi mtini. Hukomaa likiwa mtini, kisha huiva baada ya kuchumwa. Likichumwa changa husinyaa na kuwa kama mpira, na mnunuzi aliyefungua kasha moja la namna hiyo hukataa mzigo wote. Ukomavu hauonekani kwa macho pekee, bali hupimwa: hukaushwa kipande cha nyama ya tunda na kuangalia kimebaki kiasi gani baada ya maji kutoka. “Kijijini kwetu nani hupima?” akauliza. Hatukuwa na jina la kumtajia.

Akaendelea na masoko. Novemba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru China, nchi hizo mbili zilitiliana saini ili parachichi letu liingie huko. India nako, ambako wazee wa wengi wenu walitoka, parachichi la Tanzania linauzwa. Wanunuzi wa mbali, alisema, hawana subira na tunda changa.

Mjomba hakukubali upesi, na twamheshimu kwa hilo. Alimkumbusha kwamba Machi 2024 Serikali iliongeza tahasusi mpya 49, zikawa 65. Je, katika zote hizo hakuna inayomfaa? Binti alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu: “Mjomba, nashukuru. Orodha nimeisoma yote. Hata Kemia, Biolojia na Kilimo ipo. Lakini mimi nataka kushika mti sasa, na nikimaliza stashahada kwa ufaulu mzuri, mlango wa Chuo Kikuu cha Sokoine bado uko wazi.”

Hapo ndipo fahari yetu ilipo, wala si katika kilimo chenyewe. Angeuchagua udaktari kwa uchunguzi ule ule, tungefurahi vivyo hivyo. Tumeona vijana wakijaza fomu kwa sababu rafiki amejaza hivyo, au kwa sababu baba amekohoa. Huyu alijaza mwenyewe, akatuletea tuisome kabla ya kuituma, na hakumvunjia mtu heshima. Na tuseme hili pia: mashambani mwetu wanawake ndio wanaopalilia, ndio wanaochuma, lakini mtaalamu tuliyezoea kumwona akija na pikipiki ni bwana shamba. Kumpata bibi shamba aliyezaliwa Nkunga, anayeweza kuwaeleza mama zake kwa Kinyakyusa, si jambo dogo.

Wengine wametuuliza kama hatuogopi bei ya parachichi kushuka. Twaogopa. Hata chai ina miaka yake mibaya. Yeye mwenyewe amesema anataka kujifunza viazi na migomba pia, asitegemee tunda moja.

Tumeuza ndama, na muhula wa kwanza umelipiwa. Wa pili tutautafuta katika fedha ya majani ya chai. Bibi yake hajaacha kumwita daktari, naye huitika.