Makao Hula Bajeti Kila Usiku

Msikilizaji wa Nairobi, kujenga makao ya familia za mitaani ni gharama ya mara moja. Kuyaendesha ni gharama ya kila usiku. Unga, sabuni, maji, mshahara wa mlinzi na wa mshauri nasaha hulipwa kutoka bajeti ya matumizi ya kawaida, si ya maendeleo. Fungu hilo likikosekana, jengo lenye rangi mpya hutiwa kufuli na mtoto akalala kwenye baraza la duka. Inauma! Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Nenda kwenye kikao cha maoni ya umma, uulize: pesa za kuendesha makao ni shilingi ngapi?