Binti wa Wageni Naye Anaweza Kuongoza

(Maneno tuliyosema mbele ya vikundi vya kujisaidia, EPZ Athi River)



Sisi tunaotembelea vikundi hapa tunasikia swali moja kila mara. Msichana akisema angependa kugombea uongozi, anaulizwa: "Kwani kwenu ni wapi?" Amezaliwa hapa Athi River, mama yake ameshona nguo EPZ miaka mingi, lakini bado anaitwa mgeni. Basi leo tuwaeleze habari za binti mmoja.

Lewiston ni mji katika jimbo la Maine, Marekani. Zamani ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, na wafanyakazi wake wengi walikuwa wahamiaji kutoka Kanada. Baadaye viwanda vikafungwa. Mwaka 2001 Wasomali waliokimbia vita walianza kuhamia huko. Mwaka 2002 meya wa wakati huo aliandika barua kuwaomba wapunguze kuja.

Kati ya watoto waliokulia mji huo ni Safiya Khalid, mzaliwa wa Somalia. Mwaka 2019, akiwa na miaka 23, aligombea udiwani. Alipita nyumba kwa nyumba akibisha hodi na kusikiliza shida za watu. Wengine walimtukana mitandaoni, hata wakatangaza mahali anapoishi. Yeye aliacha mitandao, akaendelea kubisha hodi. Novemba 5 alishinda kwa karibu asilimia 70 ya kura, akawa Msomali wa kwanza katika baraza la mji ule. Jameni, kura hizo hazikuwa za Wasomali peke yao! Ni majirani waliomwona mlangoni.

Na sisi je? Katiba ya 2010, kifungu cha 39, inampa kila Mkenya haki ya kuishi popote nchini. Kifungu cha 193 kinataka mgombea wa wadi awe mpiga kura aliyeandikishwa na atimize masharti ya elimu na maadili. Asipokuwa na chama cha siasa, aungwe mkono na wapiga kura 500 wa wadi hiyo. Hakuna mahali anapoulizwa baba yake alitoka wapi.

Lakini tuambiane ukweli. Wengi wetu tunaishi hapa, kura tumeandikisha ushago. Shida ya maji na takataka tunalia nayo hapa Mavoko, halafu kura tunapeleka kwingine. Nani atatusikia?

Basi kabla ya Agosti 2027, kila kikundi kifanye mambo matatu. Tuulizane nani ameandikishwa hapa. Tuwasindikize vijana wakajiandikishe. Na tumpe binti mmoja kazi ya ukatibu au uweka hazina, ajifunze kusimama mbele ya watu na kutoa hesabu.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Akisimama binti huyo, tusimuulize kwao ni wapi. Tumuulize atafanya nini.