Fundi Apime, Asikisie

Gari kuukuu lina ugonjwa mmoja wa kuudhi. Asubuhi linakohoa na kukosa nguvu mlimani. Ukilifikisha gereji linanguruma kama jipya. Fundi asipouona ugonjwa hulegeza distribyuta, akaizungusha kwa kusikiliza, kisha akakuagiza kabureta mpya.

Mimi nasema tusikubali. Taimingi iliyopangwa vibaya husumbua kila siku. Inayokuja na kuondoka ina kitu kinachocheza. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, platini hufunguka mara 6,000. Shafti ya distribyuta ikilika hata kidogo, cheche hukosa wakati wake.

Fundi afunge taa ya taimingi kwenye waya wa plagi ya kwanza, amulike alama ya puli. Alama ikirukaruka, atikise shafti kwa mkono, akague springi za ndani na mnyororo wa taimingi. Taa ikikatika injini inapokohoa, atafute waya uliokatikia ndani ya ganda. Vyote vikitulia, ndipo aiguse kabureta.

Fundi akikisia, anayelipa ni wewe.